Kufunga Jigi ya Manyoya ya Kuvulia Sangara, Hatua kwa Hatua

Maswali ni yale yale: manyoya gani yanafaa, kichwa kiwe na uzito gani, na kwa nini jigi imebaki kipara baada ya samaki wa pili. Mwongozo huu unayajibu kwa jigi moja tu, ya gramu 14, ya kuvulia sangara kwa fito na rili katika Ziwa Victoria, uwe ufukweni, juu ya majabali au ndani ya mtumbwi. Ukiimudu hiyo, zinazobaki zote ni kubadili uzito, urefu na rangi.

Kwa aliye mgeni kabisa: jigi ni ndoano yenye kichwa cha risasi kwenye jicho lake, nyuma yake ikavalishwa manyoya. Haiwekwi chambo. Unairusha, unaiacha izame, unaipandisha na kuishusha, na sangara anadhani ni kitu cha kuliwa.

Kwanza amua unaiga nini

Sangara mdogo hula uduvi na dagaa. Akikua anahamia dagaa, furu (samaki wadogo wa ziwani), hata sangara wenzake wadogo. Dagaa wa Ziwa Victoria hazidi sana urefu wa kidole, kwa hiyo jigi yetu itakuwa na sentimita 7 kutoka pua ya kichwa hadi ncha ya manyoya. Wanaoanza hupenda kufunga jigi ndefu na nene kwa imani kwamba samaki mkubwa anataka mlo mkubwa. Matokeo yake samaki anauma mkia wa manyoya, ndoano iko mbele huko, anaachia.

Rangi tatu zinatosha. Tumbo jeupe na mgongo wa kijivu kwa dagaa. Kahawia na nyeusi kwa furu, hasa kwenye mawe. Nyeusi tupu kwa maji ya tope na giza la jioni, maana kinachoonekana pale ni kivuli cha umbo, rangi haisaidii kitu. Kwenye maji ya kijani ya ghuba, kama Ghuba ya Mwanza au ya Winam, ongeza nyuzi chache za njano ya kung'aa ubavuni.

Uzito unafuata kina na upepo. Gramu 7 hufaa maji tulivu yasiyozidi mita 2. Gramu 14 hufanya kazi kuanzia hapo hadi kama mita 6. Zaidi ya hapo, au upepo ukiwa mkali, nenda gramu 21 hadi 28. Kipimo chenyewe ni mkono wako: usiposikia jigi ikigusa chini, ni nyepesi mno. Vichwa vingi madukani havina alama ya uzito, lakini kichwa cha mviringo unaweza kukipima kwa rula. Cha gramu 7 kina kipenyo cha karibu milimita 10 na nusu, cha gramu 14 milimita 13, cha gramu 28 milimita 17.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Vichwa vya jigi vya gramu 14 visivyopakwa rangi, vyenye ndoano imara ya namba 3/0 au 4/0. Chagua vyenye shingo fupi ya risasi nyuma ya kichwa; hapo ndipo uzi unapokaa.
- Manyoya ya mbuzi au ya mkia wa ng'ombe, meupe na ya kijivu au kahawia, yenye urefu wa sentimita 7 au zaidi.
- Manyoya ya shingo ya jogoo, moja kwa kila jigi.
- Uzi wa polyesta wa cherehani. Uzi wa nyavu wa 210/2, yaani nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, nao unafaa, ila uchambue ubaki na uzi mmoja. Ukiutumia mzima, shingo inavimba.
- Nyuzi za kumeta: karatasi ya mapambo ya Krismasi iliyokatwa vipande vyembamba vya milimita 1.
- Jiliwa dogo la kufunga mezani. Huna? Koleo lililokazwa mikono yake kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha likabanwa chini ya kitu kizito, linatosha kabisa.
- Mkasi wenye ncha kali, chanuo la meno ya karibu, sindano, kibanio cha nguo, tupa ndogo, msasa laini.
- Supagluu, na epoksi ya dakika tano ile ya mirija miwili.
- Rangi ya kucha: nyeupe, nyeusi, na isiyo na rangi.

Ukikosa vichwa vya jigi, usipinde ndoano ya kawaida kutengeneza ya jigi. Chuma chake kimekazwa kwa moto. Kikikunjwa kikiwa baridi kinakatika, au kinapata ufa usioonekana na kukatika siku samaki yuko kwenye mshipi. Heri ufunge manyoya kwenye ndoano ya kawaida, upitishe mshipi kwenye chubwi (risasi ya kuzamishia) lenye tundu, kisha ulikaze mbele ya ndoano kwa kuchomeka kijiti cha meno tunduni. Itavua. Kasoro yake ni kwamba ncha ya ndoano inatazama chini, hivyo inanasa mawe mara nyingi zaidi.

Kuhusu kuyeyusha risasi

Anayeanza anunue vichwa. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327, jiko la mkaa linafika huko bila shida, na ndiyo maana watu wanaichukulia kirahisi. Tone moja la maji likiingia kwenye risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha risasi usoni. Moshi na vumbi lake vinadhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Risasi ya betri za magari usiiguse kabisa, ina tindikali na metali nyingine za sumu. Hata unapofunga tu vichwa ulivyonunua, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na usikate uzi kwa meno.

Kuandaa manyoya

Sehemu hii watu huiruka, na ndiyo inayoharibu jigi nyingi. Mbuzi wetu wengi wana manyoya mafupi. Marefu utayapata kwa beberu: ndevu, shingo na mgongo. Machinjioni omba kipande cha ngozi chenye sehemu hizo. Kwangua mafuta yote upande wa ndani, osha kwa sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu, suuza mpaka maji yatoke safi, paka chumvi upande wa ngozi, kausha kivulini siku kadhaa. Jua kali linafanya manyoya yawe makavu ya kukatika. Mafuta yakibaki, ngozi inanuka na mende watakushukuru.

Manyoya ya mbuzi hayatanuki unapoyakaza kwa uzi, yanalala. Hilo ni zuri kwa umbo la dagaa. Ubaya wake ni utelezi: bila gundi yanachomoka. Ya mkia wa ng'ombe ni marefu na magumu kidogo, yanadumu zaidi, lakini hayachezi sana majini. Ukiweza, changanya: mbuzi tumboni na pembeni, ng'ombe mgongoni.

Hatua za kufunga

1. Safisha kichwa. Kama shingo ya risasi ina kijino cha kushikia chambo cha plastiki, kikate na kukisawazisha kwa tupa. Pitisha msasa kichwa kizima mpaka king'ae, kisha futa kwa siki na ukikaushe. Rangi haishiki kwenye risasi yenye utando mweupe au mafuta ya vidole.

2. Paka rangi sasa, kabla ya manyoya. Mikono miwili ya rangi nyeupe ya kucha, ya pili baada ya ya kwanza kukauka kabisa. Shingo usiipake. Chora macho: chovya kichwa cha msumari kwenye rangi nyeusi na ugonge upande mmoja, kisha mwingine. Jicho kubwa ni zuri, milimita 3 hivi. Zibua tundu la jicho la ndoano kwa sindano kabla rangi haijakauka.

3. Funga ndoano kwenye jiliwa. Bana mkunjo wa ndoano, ncha ikitazama chini. Hapa soma mara mbili: majini jigi hupinduka, ncha ya ndoano hutazama juu. Kwa hiyo upande unaouona juu ukiwa mezani ndio tumbo, na upande wa ncha ndio mgongo. Ukisahau, utapata dagaa mwenye mgongo mweupe na tumbo la kijivu. Kama inakuchanganya, geuza ndoano ncha ikae juu na ufunge hivyo hivyo. Jihadhari tu na vidole.

4. Weka msingi wa uzi. Anza nyuma ya kichwa kabisa. Zungusha uzi ukienda nyuma mpaka mwisho wa shingo, rudi mbele juu ya mizunguko ya kwanza, nenda tena. Katika kila safari mizunguko ikae bega kwa bega bila kupandana. Weka tone dogo la supagluu ulisambaze kwa sindano. Msingi huu ndio unaozuia manyoya kuzunguka kwenye risasi laini. Kila unapotaka kuachia uzi, ning'iniza kibanio cha nguo kwenye uzi ili usilegee.

5. Kata kitita cha kwanza, cheupe. Kipime kwa kukibana: kiwe na unene wa njiti ya kiberiti, si zaidi. Shika ncha, pitisha chanuo kwenye shina mpaka manyoya mafupi ya pamba pamba yatoke yote. Usisawazishe ncha zikawa sawa kama brashi ya kupakia rangi. Mkia unaotofautiana urefu unacheza vizuri zaidi. Kata shina mshazari, si wima, ili lilale taratibu.

6. Kaza kitita. Kiweke juu ya shingo, shina likigusa kichwa, ncha zikifika sentimita 2 nyuma ya mkunjo wa ndoano. Kibane kwa kidole gumba na cha shahada. Pandisha uzi ukapite katikati ya vidole hivyo, uteremshe upande wa pili ukiwa umelegea, halafu ndipo uvute moja kwa moja kwenda chini bila kuachia vidole. Uzi unaokazwa njiani unavuta kitita ubavuni. Mizunguko miwili ya hivyo, kisha sita ya kukaza kweli kweli, kila mmoja ukiwa mkali kuliko uliotangulia. Uzi uwe karibu kukatika. Ukikatika mara moja moja, ujue uko mahali pake.

7. Gundi, tone moja, kwenye uzi tu. Tumia ncha ya sindano. Supagluu ikimiminwa hupanda kwenye manyoya kama mafuta kwenye utambi, na mkia unakuwa kijiti.

8. Vitita vya pembeni. Kimoja kila upande, nusu ya unene wa kile cha kwanza, vyeupe au vyenye nyuzi za njano. Baada ya kila kimoja, mizunguko sita na tone la gundi. Vitita vidogo vingi ni kazi zaidi, lakini uzi unaufikia kila unyoya. Kitita kimoja kinene kina manyoya ya katikati ambayo hayaguswi na uzi wala gundi, na hayo ndiyo yanayotoka kwanza, kisha yanalegeza mengine.

9. Nyuzi za kumeta. Mbili kila upande, jumla nne. Ziishie pale manyoya yanapoishia. Kumi na mbili zinafanya kitu cha kuning'iniza kwenye mti.

10. Mgongo. Kitita cha kijivu au kahawia, unene sawa na cha tumbo, upande wa ncha ya ndoano. Kigawe katikati ili mti wa ndoano (sehemu yake iliyonyooka) upite kati yake; manyoya yasizibe nafasi kati ya ncha na mti.

11. Kola ya jogoo. Chukua unyoya wa shingo, ng'oa pamba ya chini, funga shina lake nyuma ya kichwa. Zungusha unyoya mara tatu, ukirudisha nyuzi zake nyuma kwa vidole vya mkono wa pili kila mzunguko. Funga ncha, kata kilichobaki. Kola inafunika mashina na inafunguka wakati jigi inashuka.

12. Malizia. Kata kipande cha mshipi mwembamba, kikunje kitanzi, kilaze juu ya shingo kitanzi kikitazama nyuma. Zungusha uzi mara nane juu yake kuelekea kitanzi. Kata uzi ukibakiza sentimita 10, uingize ndani ya kitanzi, vuta ncha mbili za mshipi upande wa kichwa. Kitanzi kitachomoka na uzi wako utakuwa umepita chini ya mizunguko yake. Kaza, kata.

13. Funika kwa epoksi. Changanya kiasi cha punje ya mahindi, pande zote sawa. Paka uzi wa shingo na kichwa kizima juu ya rangi ya kucha, ukizungusha jigi mkononi mpaka igande. Rangi ya kucha peke yake inamenyeka kwenye jiwe la kwanza. Iache mpaka kesho yake kabla ya kuitia majini.

14. Noa na ujaribu. Pitisha tupa kwenye ncha mara tatu nne kila upande, ukielekea kwenye ncha. Ishike kwenye ukucha: ikiteleza bado ni butu. Vuta kila kitita kwa nguvu. Unyoya mmoja mmoja kutoka ni kawaida, kumi kwa pamoja si kawaida. Mwisho itie kwenye ndoo ya maji, ikamue hewa yote itoke, uitazame inavyoshuka.

Kuifunga mshipini na kuichezesha

Meno ya sangara ni kama msasa, na mifuniko ya mashavu yake inakata. Weka mbele kipande cha mshipi wa nailoni wa milimita 0.60, urefu wa mita 1. Waya hauhitajiki, isipokuwa umeenda Mto Rufiji kwa tigafishi, samaki mwenye meno makali. Huyo atakata nailoni, kisha atakata na manyoya, kwa hiyo mfungie fupi na nyingi. Funga jigi kwa fundo la kitanzi kilichoachwa wazi, si la kubana, ili kichwa kiyumbe.

Iache ifike chini, inua fito kiasi cha sentimita 40, ishushe huku mshipi ukiwa umenyooka. Wengi huuma inaposhuka, na mshipi uliolegea hauleti habari. Penye magugu maji au mafunjo, chomeka vipande viwili vya mshipi mgumu wa milimita 0.80 kwenye uzi wa shingo kabla ya hatua ya 12, vielekee kwenye ncha ya ndoano na kuipita kidogo tu.

Sangara wa chini ya sentimita 50 anarudi majini. Bonyeza kijino cha ndoano kwa koleo na utamrudisha bila kumchana. Leseni na maeneo yaliyofungwa waulize BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) wa mwalo unaovulia.

Jigi inapogoma

*Inazunguka ikivutwa.* Upande mmoja una manyoya mengi kuliko mwingine. Ining'inize ikiwa imelowa, itazame kutoka nyuma, punguza upande ulionenepa kwa kuchomoa, si kwa kukata ncha.

*Haizami, au inashuka polepole mno.* Manyoya mengi, au bado yamebeba hewa. Iloweke na kuikamua kwanza. Ikiendelea, chambua theluthi moja ya manyoya kabla hujafikiria kichwa kizito zaidi.

*Manyoya yote yanazunguka mti wa ndoano kama kofia.* Hukuweka msingi wa uzi, au ulifunga juu ya rangi. Hairekebishiki; kata yote kwa wembe, osha, anza hatua ya 4.

*Samaki wanagonga bila kunasa.* Pima manyoya yanavyoipita ndoano. Yakizidi sentimita 2, yachomoe yale marefu. Kisha noa. Kisha angalia kama mgongo hauzibi ncha.

*Manyoya yanajisokota kwenye mkunjo wa ndoano kila unaporusha.* Ni malaini mno kwa urefu huo. Weka kitita chembamba cha mkia wa ng'ombe chini ya yale ya mbuzi, kiyashikilie.

*Rangi ya manyoya inachuja.* Uliyatia rangi bila kuyaosha mafuta, au bila siki. Kwa rangi nyingi za dukani, siki kijiko kimoja kwa kila kikombe cha maji ya moto huisaidia kushika kwenye manyoya, kisha suuza mpaka maji yabaki meupe.

*Ndoano imeota kutu na mkia unanuka.* Ilifungiwa kwenye kopo ikiwa mbichi. Jigi za manyoya hukaushwa usiku mzima zikining'inia, ndipo zinaingia koponi, pamoja na kipande cha mkaa mkavu cha kunyonya unyevu.